Uzi: Kisumu, sebule ya mita 3.6 kwa 4.5 na shilingi 40,000. Spika gani za sinema ya nyumbani?

#1 Mfukoni40 | Nyalenda, Kisumu

Hamjambo wadau. Natoa vipimo moja kwa moja ili tusizungushane. Sebule ni mita 3.6 kwa 4.5, TV iko kwenye ukuta mfupi, kochi liko mita 3 kutoka kwenye kioo. Sakafu ni simenti, juu ni mabati bila silingi bodi. TV ni ya inchi 43, ina HDMI ARC na tundu la optiko, zote za kutoa sauti. Bajeti ni 40,000, waya ikiwemo. Filamu ndizo nyingi, kisha mpira, benga kidogo wikendi.

Oginga Odinga Street kuna wufa mpya ya "3.1" iliyoandikwa 15,000W PMPO. Duka la pili lina seti ya ex-UK (mtumba wa Uingereza) ya 5.1, yaani spika tano na sabufa moja; vispika vidogo kama kopo la maziwa, na sabufa yake. Nichukue ipi? Tafadhali msinijibu "inategemea".

#2 FundiOhm | Kondele

Usichukue hata moja. Nianze na hiyo ya wati 15,000.

Igeuze uangalie kibandiko cha mgongoni. Utakuta 220–240V, 50Hz, halafu wati: 60, labda 80. Hizo ndizo inazovuta ukutani. Kifaa kinachokula wati 60 hakizai 15,000 hata muuzaji akiapa. Piga hesabu nyingine: plagi yetu ya pini tatu huchukua fyuzi isiyozidi ampea 13, na 240 mara 13 ni wati 3,120. Wati 15,000 za kweli zingetaka laini yake, kama mashine ya kusaga posho. PMPO, yaani wati za kilele za kwenye tangazo, haina kanuni moja, kila kiwanda hujipimia kipendavyo. Tafuta RMS, nguvu ya kudumu, na ukiipata soma maandishi madogo kando yake. "10% THD" maana yake walipima sauti ikiwa tayari inakwaruza.

Namba ambayo watu huiruka ni sensitiviti, yaani spika inatoa desibeli ngapi kwa wati 1 ukiwa mita 1. Kila desibeli 3 za ziada zinadai wati mara mbili. Kwa hiyo kazi ambayo spika ya 87 dB inaifanya kwa wati 50, ya 83 dB inaitakia wati 125. Vile vya kopo la maziwa huangukia huko chini, maana koni (ngozi ya spika inayotetemeka) ikiwa ndogo haina hewa ya kusukuma. Kwako, spika ya 87 dB kwa wati 50, umbali wa mita 3, itafika kama 94 dB kabla kuta hazijaongeza chochote. Hapo jirani ameshabisha hodi.

#3 KibuyeJumapili

Mbona mnamtisha jamaa? 3.1 ya dukani kwa mpira inatosha kabisa. Unachomeka, unawasha, basi. Hizi habari za RMS na sensitiviti ni za watu wenye muda.

#4 Lurambi_Hz | Kakamega

Kwa mpira, sawa. Lakini usiiite 3.1. Nyingi ya hizo zina njia mbili tu za sauti, kushoto na kulia, na kile kispika cha tatu kimeunganishwa kwenye mchanganyiko wa zote mbili. Kipimo chake ni rahisi: beba simu dukani, cheza video ya kupima spika ya "left / right", na usikilize wakati wa "left". Kama kile cha katikati nacho kinasema, hiyo ni 2.1 yenye mgeni.

Kwa filamu hilo lina uzito. Kwenye sauti ya 5.1 maneno karibu yote ya waigizaji yanapita spika ya kati. Mtu anayelalamika kwamba milipuko inapasua masikio na mazungumzo hayasikiki, mara nyingi shida yake ni spika ya kati dhaifu au hana kabisa. Kwa hiyo kwa 40,000 usikimbilie 5.1. Nenda 3.1 ya kweli: risiva (kisanduku chenye amplifaya kinachogawia spika sauti), spika tatu za mbele, sabufa moja. Za nyuma utaongeza ukipata, risiva itakuwa inazisubiri.

Ningegawa hivi, na usivuke: risiva ya ex-UK 13,000. Spika tatu za mbele 12,000. Sabufa yenye amplifaya ndani 9,000. Waya, kebo ya optiko na kinga ya umeme 3,500. Iliyobaki 2,500 usiiguse, ni ya fundi.

#5 Mfukoni40

Spika tatu? Madukani wanauza pea.

#6 Lurambi_Hz

Nunua pea mbili zilezile kama zinapatikana, ya nne iweke kabatini. Spika ya akiba yenye koni na twita (kispika cha sauti za juu) zilezile ina thamani siku moja ikiungua. Ukikosa pea ya pili, tafuta spika ya kati ya kampuni ileile na safu ileile, maana twita tofauti zinafanya sauti ya mtu ibadilike anapotembea kutoka kushoto kwenda kulia.

Chagua zenye wufa (koni ya besi) ya inchi 5 au 6.5 na twita ya inchi 1, 8 ohm, 86 dB kwenda juu. Usinunue zile ndefu za kusimama kwa bei hii. Kwa pesa hiyohiyo sehemu kubwa inaenda kwenye mbao, na besi utapewa na sabufa hata hivyo.

Ya kati ikikaa chini ya TV, iinamishe kidogo twita ielekee masikioni. Ivute mpaka ukingoni mwa meza, ikizama ndani ya kabati la TV itasema kama mtu aliye kwenye pipa.

#7 Dada_Section58 | Nakuru

Niongeze upande wa ex-UK kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi hupotelea. Nenda na multimita, betri ya AA, tochi, na waya kipande. Muuzaji akikataa upime, ondoka.

Spika kwanza. Toa kitambaa cha mbele na ubonyeze polepole ukingo unaoshika koni. Ukiwa wa mpira, vizuri. Ukiwa wa povu na unamomonyoka kama keki kavu, au kidole kinatoka na unga mweusi, umekwisha. Povu huoza lenyewe baada ya miaka kumi, kumi na tano, hata spika isipotumika. Fundi anaweza kubandika ukingo mpya, basi hesabu gharama hiyo kabla hujataja bei. Kisha sukuma koni kwa vidole vya mikono yote miwili, sawasawa pande zote, milimita chache tu. Ikikwaruza, koili imeungua au sumaku imesogea kwenye gari. Vitu vinavyotumwa na basi kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, hupata hili zaidi kuliko inavyodhaniwa, kwa hiyo pima tena ukishapokea mzigo, ukiwa bado ofisini kwao.

Multimita: spika ya 8 ohm itasoma kati ya 5.5 na 7. Ya 6 ohm itasoma kama 4.5 hadi 5.5, ya 4 ohm kama 3.2 hadi 3.8. Kusoma chini kidogo ni kawaida, mita inapima waya wa koili tu. Ikisoma 0 imeshoti, isiposoma kitu imekatika. Pima zote mbili za pea, zikitofautiana sana mojawapo iliwahi kufunguliwa.

Twita haionekani kwa kipimo hicho, kapasita ndani ya krosova (sakiti inayotenga sauti za juu na besi) inaificha. Isikilize: cheza wimbo wenye kayamba au matoazi, sogeza sikio. Twita zilizoungua ni nyingi mno kwenye spika za mitumba, na mtu anayenunua kwa kusikiliza besi hagundui mpaka afike nyumbani.

Risiva sasa. Soma kibandiko: 230V au 220–240V. Ikiwa 120V ni ya Marekani, ikiwa 100V ni ya Japani, na ukiichomeka hapa itatoa moshi kabla hujatoa mkono. Iwashe, usubiri "tak" ya rilei (swichi ya ndani) baada ya sekunde chache. Isipolia, imejifunga kujilinda. Sauti ikiwa sifuri na spika zimetolewa, weka mita kwenye DC milivolti, upime matundu ya kila spika. Chini ya 50 mV ni sawa. Ukiona volti nzima, iache, itachoma koili. Baadaye zungusha kitufe cha sauti. Kikikwaruza ni vumbi tu, dawa ya kusafisha kontakti inatosha. Dai rimoti. Risiva nyingi hazifunguki menyu ya spika bila rimoti.

#8 KibuyeJumapili

Dada, hapo kwa twita umenena. Na ile seti ya kopo za maziwa? Si mtu achukue spika zake tu aziunganishe kwa risiva nzuri?

#9 FundiOhm

Asifanye hivyo. Seti za kisanduku kimoja chenye DVD, nyingi spika zake ni 3 au 4 ohm, soma mgongoni. Risiva ya kawaida imeandikwa 6 hadi 16 ohm. Ukiipa 3 ohm inasukuma mkondo mara mbili ya ile 6, joto linapanda, inajizima katikati ya filamu, na siku moja haiwaki tena. Kuna wanaoshauri swichi ya mgongoni ya "4 ohm". Ile hupunguza volti ndani ili kisanduku kisipate joto; haiipi amplifaya nguvu isiyokuwa nayo.

Sabufa ya seti hizo nayo haina amplifaya ndani, inategemea kisanduku chake. Ukiona sabufa haina waya wa stima na haina tundu la RCA, ni sanduku lenye spika tu. Na plagi zake za rangi hazilingani na kitu kingine chochote sokoni. Kisanduku kikifa, seti nzima imekufa.

Kama mtu tayari anayo na inafanya kazi, aitumie jinsi ilivyo. Lenzi ya DVD hufa mapema lakini AUX au optiko ya nyuma huendelea.

#10 WayaMbili | Bungoma

Waya. Usinunue "waya wa spika" kwa jina au kwa unene wa plastiki. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiwa mweupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, na upinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba halisi. Waya pacha wa umeme wa shaba, milimita mraba 1.5, kutoka duka la vifaa vya ujenzi unatosha kila mahali kwenye sebule hiyo. Una kama 0.012 ohm kwa mita, kwa hiyo mita 10 kwenda na kurudi ni 0.24, yaani asilimia 3 ya spika ya 8 ohm. Huwezi kuisikia. Kwa mbele ambako ni mita 3 au 4 hata 0.75 inapita.

Menya sentimita 1 tu, songa nyuzi ziwe moja, hakikisha hakuna unywele unaogusa tundu la pili. Unywele mmoja unatosha kuzima risiva.

Chanya kwa chanya. Ukichanganya spika moja, besi inayeyuka na sauti ya katikati inakuwa haina mahali. Kama alama zimefutika, gusisha betri ya AA kwa nusu sekunde: koni ikitoka nje, upande wa chanya ya betri ndio chanya ya spika. Usifanye hivyo moja kwa moja kwenye twita.

#11 Mfukoni40

Nimeelewa. Sasa mpangilio. Nimesoma kushoto na kulia ziwe digrii 30 kila upande.

#12 Lurambi_Hz

Kwa mita 3, digrii 30 inakupeleka mita 1.73 kila upande, jumla mita 3.46. Chumba ni 3.6. Spika zitabanwa kwenye kona na besi itavimba. Una njia mbili. Sogeza kochi hadi mita 2.4, hapo umbali kati ya spika unakuwa kama mita 2.8. Au bakia mita 3 na ukubali digrii 24 hivi, mita 2.7 kati yake. Ya pili haina ubaya, 22 hadi 30 zote zinafanya kazi. Twita ziwe usawa wa masikio ukiwa umekaa, kama sentimita 95 hadi 105 kutoka sakafuni.

Za nyuma zikija: kando yako na nyuma kidogo, digrii 110 kutoka mbele, juu ya masikio kwa sentimita 60 hivi. Si kwenye kona za nyuma huko mbali.

Chumba chenyewe kitakusumbua zaidi ya spika. Piga kofi moja katikati ya sebule. Ukisikia mlio wa "trrr" ni ukuta kwa ukuta na simenti kwa mabati. Zulia zito kati ya kochi na TV, pazia nene kwenye dirisha, kabati la vitabu ukuta wa nyuma. Hayo yanasafisha mazungumzo kuliko kuongeza 5,000 kwenye spika. Mabati yenyewe yatatetemeka besi ikipanda: cheza sauti ya kupanda kutoka 30 hadi 100 Hz taratibu, mtu mwingine aweke mkono kwenye mbao na madirisha ya chuma mpaka mpate kinachogonga. Parafujo yenye raba kwenye bati lililolegea, kipande cha raba ya tyubu kwenye fremu ya dirisha. Mvua ikinyesha, hilo hakuna spika inayolitibu.

#13 Dada_Section58

Na sabufa usiiweke kona kwa sababu tu kona iko wazi. Chumba cha 4.5 kina mvumo wake karibu na 38 Hz, na upana wa 3.6 karibu na 48. Weka sabufa mahali pa kochi, cheza besi ya kurudiarudia, kisha tambaa kando ya kuta ukisikiliza kichwa kikiwa chini. Palipo na besi iliyo sawa, isiyovuma noti moja, ndipo sabufa ihamie. Unaonekana kichekesho kwa dakika kumi, basi. Kochi kuwa mita 1.5 kutoka ukuta wa nyuma ni bahati, lisukume katikati kabisa ya chumba na besi itatoweka.

Menyu ya risiva: spika zote "Small" hata kama ni kubwa, krosova (mpaka ambapo besi inahamia sabufa) 80 Hz kwa wufa ya inchi 6.5, 100 kwa inchi 5. Kitufe cha krosova cha sabufa yenyewe kizungushe mpaka mwisho, la sivyo unakata besi mara mbili. Ingiza umbali kwa futi ya kupimia. Kisha mlio wa kupima wa risiva, simu yenye programu ya desibeli mahali pa kichwa, spika zote zilingane kwa 75. Simu haisemi kweli kuhusu namba yenyewe, wala kuhusu sabufa, lakini inalinganisha spika vizuri. Mwisho geuza swichi ya fezi ya sabufa 0 na 180, bakiza inayotoa besi zaidi kochini.

Kwa nyumba za kupanga, tafuta "Night" au "DRC" kwenye menyu. Inabana tofauti ya kunong'ona na mlipuko. Saa nne usiku utaishukuru, na aliye ukuta wa pili pia.

#14 WayaMbili

Kuunganisha: risiva za kabla ya 2009 hazina ARC kabisa, na nyingi za zamani hazipitishi picha ya 4K. Haijalishi. Dekoda na kisanduku cha Android vichomeke kwenye TV, halafu sauti itoke TV kwenda risiva kwa optiko. Optiko inabeba Dolby Digital na DTS za 5.1. Kwenye TV chagua "Bitstream" au "Auto". Ukiacha "PCM", optiko inapitisha stereo tu na utadhani spika ya kati imekufa. Kinyume chake, ukiona kimya kabisa kwenye programu fulani, rudisha PCM, risiva yako haielewi fomati hiyo. Kwa mechi na muziki wa stereo washa Pro Logic II, itavuta mtangazaji katikati.

Sauti ikitangulia midomo, kuna "Audio Delay" kwenye menyu, anza na milisekunde 40.

#15 Mfukoni40

Nimepata risiva na spika tatu za inchi 5.25, zote zimepita mita. Sabufa za 9,000 ni za kutia huruma. Kuna spika ya gari ya inchi 10, koili mbili za 4 ohm. Seremala wa jua kali anaweza kunichongea boksi?

#16 FundiOhm

Anaweza, mradi umpe vipimo na usimwachie akate "kama la matatu". Boksi lililofungwa kabisa, MDF ya milimita 18, ndani 35 kwa 35 kwa 33 sentimita. Hizo ni lita 40. Nje itakuwa 38.6 kwa 38.6 kwa 36.6, haifiki theluthi ya bodi moja ya futi 8 kwa 4. Gundi ya mbao kila kiungo, skrubu kila sentimita 15, silikoni kwenye pembe za ndani, kipande cha mbao kikishikanisha kuta mbili. Ujaze pamba ya mito nusu, usiishindilie. Akimaliza, sukuma koni: ikirudi polepole limefungwa, ikirudi "tap" kuna mwanya.

Akikuambia atoboe tundu la hewa, kataa. Tundu lisilopigiwa hesabu ya urefu na upana linatoa noti moja tu, bum bum bum, kila wimbo uleule.

Koili mbili ziunganishe mfululizo, upate 8 ohm. Sambamba ni 2 ohm na itaua amplifaya ya nyumbani. Amplifaya iwe ya stereo ya ex-UK yenye RMS 60 hadi 100, waya wa RCA kutoka "Sub Out" ya risiva kwenda AUX yake, utumie upande mmoja. Treble izime, risiva itakata za juu.

#17 Lurambi_Hz

Kabla ya kuwasha: kinga ya umeme yenye kuchelewesha stima ikirudi, na risiva ipate sentimita 10 za hewa juu yake, joto la Kisumu si la mchezo. Radi zikianza, kinga haitoshi. Chomoa plagi, chomoa na kebo ya dishi au antena. Kwa huku kwetu Kakamega, radi nyingi hupitia dishini, watu wanachomoa stima wakidhani wamemaliza.

#18 Mfukoni40

Boksi limetoka, linarudi polepole. Maneno yanasikika hata mvua ya kiasi. Lakini sabufa inavuma "mmm" mfululizo hata filamu ikisimama.

#19 FundiOhm

Chomoa kebo ya dishi kwenye dekoda, mlio ukiwa unaendelea. Ukikoma, ni ardhi (earth) mbili zinazogombana. Vyote vichomeke kwenye ekstensheni moja. Ukibaki, weka kizuizi cha ardhi kwenye kebo ya dishi, kile kinachopitisha umeme wa LNB (kichwa cha dishi). Pini ya ardhi ya plagi usiikate hata ukishauriwa na nani.

#20 Mfukoni40

Ni dishi. Ekstensheni moja, imenyamaza.